Basi Lenye Macho Nyuma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, uliyeacha kiti kinachozunguka katika ofisi ya usalama barabarani ukaja kukaa nasi kwenye viti vya plastiki, Ndugu Meneja wa karakana yetu ya mabasi, Ndugu Mkaguzi wa Magari, Ndugu wakuu wa vitengo, mafundi, madereva, makondakta na waosha mabasi, Ndugu wageni waalikwa, na nyinyi majirani ambao hamkualikwa ila mmeegemea ukuta mnatuchungulia, karibuni, ukuta haudai kadi, na mwisho kabisa, kama inavyosema karatasi niliyokabidhiwa na mshereheshaji, "mstaafu mtarajiwa pamoja na familia yake."

Naomba radhi, nianze upya. Karatasi hii imemweka mwenye shughuli mkiani, na kwa kuwa tunayezungumza habari zake ni mtu aliyetumia maisha yake kuturudisha nyuma kwa usalama, naona ni haki na mimi niisome orodha hii kinyumenyume.

Mama Rudi, shikamoo. Dada, binti yake, habari za uuguzi. Ndugu waosha mabasi, makondakta, madereva na mafundi. Ndugu Mkaguzi. Ndugu Meneja. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, usikasirike kuwa wa mwisho. Umeona mwenyewe kwamba hapaumi sana.

Kwa msionijua, mimi ndiye mchora maandishi wa karakana hii. Wenzangu huniita Fundi Rangi. Kazi hii sikuisomea popote. Herufi kubwa nilijifunza kwenye mabango ya maduka, ndogo kwenye pakiti za majani ya chai, na utani nimejifunza kwenu. Maneno yote mliyowahi kuyasoma mgongoni mwa mabasi yetu mkiwa mmekwama kwenye foleni, mkatabasamu bila kupenda, ni ya mkono huu. Ndiyo maana mshereheshaji alinijia akaniambia, "Fundi, wewe una maneno. Simama utuchekeshe kidogo, watu wasilie."

Nimekubali kusimama. Hilo la kuchekesha ndilo lililonifikisha hapa nikiwa na uso mzito namna hii, na mtanivumilia nikieleza kwa nini.

Shughuli zetu leo ni mbili, zimewekwa siku moja ili turubai lisitandikwe mara mbili. Ya kwanza ni kuzindua kanuni mpya za vioo na mwonekano wa nyuma, ambazo Mheshimiwa ametusomea punde hivi kwa sauti nzuri: kila basi liwe na kioo kizima kulia, kizima kushoto, na kimoja ndani, dirisha la nyuma liwe wazi, lisiwe na picha, maandishi wala pazia, gari linaporudi nyuma litoe mlio, na pawe na mwelekezaji anayesimama mahali ambapo dereva anamwona. Tulipiga makofi. Niliwatazama wakati mnapiga makofi, nami nilikuwa napiga, na tulipiga kama watu wanaosikia habari njema za nchi ya mbali.

Shughuli ya pili ni kumuaga Mama Rudi. Karatasi inasema anapumzika kwa sababu za kiafya. Yadi nzima inajua kwamba anaondolewa kwa sababu ya neno moja. Na kuna jambo ambalo karatasi haisemi kabisa: yeye mwenyewe hataki kuondoka.

Mheshimiwa, wewe umeingia kwa lango kubwa ukashushwa mlangoni, huenda hukuiona yadi yetu ilivyobana. Basi likitoka barabarani huingia kwa pua, hugeuka pale penye pipa la mafuta machafu, kisha lazima lirudi kinyumenyume kati ya ukuta wa kuoshea na ukuta wa mafundi, mahali ambapo mtu mnene akipita hukagua vifungo vyake kwanza. Hapo ndipo aliposimama mama huyu, mvua na jua, na hakuwa na filimbi wala bendera. Alikuwa na koo.

"Rudi, rudi, rudi. Kata kulia. Kata, kata, usiogope usukani, hauna meno. Nyoosha. Sasa rudi kidogo kidogo kama mtu anayeomba msamaha. Hapo hapo!"

Mtu akirudi kwa pupa alimuuliza, "Wewe, unarudi au unatoroka?" Aliyegonga pipa aliulizwa, "Baba, hilo pipa limekukosea nini?" Na kabla ya kuanza, kila asubuhi, alipiga makofi mara moja akasema, "Haya!" na mabasi yote yakaanza kunguruma. Ni ajabu ya lugha yetu kwamba neno alilotuamshia kila siku ndilo hilo hilo lililonikaa usoni leo, kwa maana yake ile nyingine.

Jina Rudi hakupewa na wazazi wake, alipewa na madereva. Na leo madereva hao hao, mafundi hao hao, na mimi pamoja nao, tumekusanyika chini ya turubai kumwambia Mama Rudi aende.

Sasa nizungumzie neno lenyewe, maana wageni mtakuwa mnajiuliza ni neno gani lenye uzito wa kumng'oa mtu kazini. Ni neno "basi".

Mahali pengine popote, ukimwambia mtu "basi", anaacha. Ukimiminiwa uji ukasema basi, mkono unasimama. Lakini hapa kwetu, Mheshimiwa, tunaishi katikati ya mabasi. Hapa mlinzi wa lango akipiga kelele "Basi!" maana yake ni kwamba gari linatoka barabarani linaingia, kila aliye njiani apishe haraka. Kwa hiyo neno moja lina amri mbili, na amri hizo zimepeana mgongo: moja inasema simama, nyingine inasema kimbia. Mama Rudi aliliona hilo mapema, akalipiga marufuku. Ndani ya yadi yake, kusimamisha gari ni "hapo hapo", na ole wake aseme vingine. Hata kwenye chai alitufundisha. Ukimwambia "basi, Mama, inatosha," aliendelea kumimina mpaka kikombe kikafurika, huku akitazama huku na huku: "Basi? Basi gani? Mbona silioni?" Tukacheka, tukaungua vidole, tukajifunza.

Kumbukeni kwamba utani huo ulikuwa wake kabla haujawa wetu.

Sasa nivizungumzie vioo vyetu, na hapa naomba Mheshimiwa unywe maji kidogo. Dereva wetu mmoja hutumia kioo cha ndani kung'olea ndevu. Jina silitaji, ila kidevu chake kinang'aa pale safu ya tatu. Mwingine amekigeuza kimtazame yeye, kwa sababu, alivyonieleza, abiria wanapenda dereva nadhifu. Wa tatu amekining'inizia mkufu, sanamu ya mbwa anayetikisa kichwa, kadi ya harufu nzuri na kiatu cha mwanawe alipokuwa mchanga, kiasi kwamba akitaka kuona nyuma inabidi kwanza abishe hodi. Vioo vya pembeni, vile vilivyobaki, vimefungwa kwa mipira ya tairi la baiskeli. Injini ikiwaka vinatetemeka, ikipata moto vinainama, na ikifika saa ya kurudi kituoni vinatazama chini kama mwanafunzi aliyefeli.

Na kioo kikivunjika kabisa, fundi wetu hufanya nini? Hukata kipande cha kioo cha kabati la nguo akakibandika kwa gundi. Kinang'aa. Ukikitazama unaona mawingu vizuri sana.

Utauliza, Mheshimiwa, tulipitaje kwenye ukaguzi kwa vioo hivyo? Ndugu Mkaguzi, nakuona unafunga kishikizo cha koti, na joto hili. Tulipita kwa msaada wa Bi Harusi. Bi Harusi ni jozi moja ya vioo vizuri, vipya, vyenye fremu nyeusi, ambavyo mtunza stoo huviweka ndani ya blanketi. Siku ya ukaguzi, basi linalokaguliwa huvishwa Bi Harusi. Likishapita, anavuliwa na kuvishwa linalofuata. Ameolewa na kila basi la karakana hii, na hajalala nyumba ya mume hata mmoja. Ndugu Mkaguzi umekutana naye mara nyingi kiasi kwamba siku moja, nilikuwepo kwenye ngazi yangu nachora, ulimpangusa vumbi kwa leso yako ukasema, "Huyu tunafahamiana." Ukagonga muhuri. Tukacheka wote.

Naona hamcheki. Siku ile tulicheka.

Lakini nisikae nikawavua wenzangu nguo huku mimi nimejifunika. Lugha yetu inaita kioo kile cha kujitazama, na inaita kioo kile cha dirishani pia. Nyinyi mliharibu cha kwanza. Cha pili nilikiharibu mimi, na kwa ustadi.

Dirisha la nyuma la basi ni pana, limesimama wima, halina misumari wala mikunjo. Kwa mchoraji hiyo ni karatasi aliyoandaliwa na Mungu. Kwa basi letu la njia ya sokoni nilijipita mwenyewe. Nilichora macho mawili makubwa, yenye kope, yenye mng'ao pale kwenye mboni, kiasi kwamba ukiwa nyuma yake kwenye foleni unaona aibu kupenga kamasi. Chini yake nikaandika kwa herufi nyekundu: TUTAONANA MBELE. Meneja alipolizunguka mara ya kwanza alisema, "Hili ndilo basi pekee mjini lenye macho nyuma." Nilitembea wiki nzima kifua kimenitangulia.

Ndugu zangu, ni basi hilo hilo.

Asubuhi ile Mama alipoumia, dereva aliyelirudisha alikuwa yule tunayemwita Taratibu. Jina hilo si kejeli. Kweli ni mtu wa taratibu, na yupo hapa, amekaa nyuma kabisa karibu na matenki ya maji. Kioo cha kushoto kilikuwa kimeinama. Cha kulia kilikuwa kile cha kabati. Cha ndani kilikuwa kizima na kimenyooka, maana yeye hang'oi ndevu. Mama Rudi alikuwa nyuma, upande wa ukuta wa kuoshea, na alisema "hapo hapo" mara ya kwanza, akasema mara ya pili, lakini fundi alikuwa amewasha injini ya basi la jirani na sauti ikamezwa. Gari likaendelea kuja. Ukuta haukuwa na mahali pa kwenda.

Mtu anayebanwa ukutani hachagui maneno. Alipiga ukelele ambao mimi niliusikia nikiwa ndani ya banda la rangi: "Basi! Basi, mwanangu, basi!"

Hakuwa anatumia kanuni ya yadi. Alikuwa anaomba, kwa neno ambalo kila mmoja wetu humwambia anayemuumiza, tangu tukiwa watoto tunachapwa. Na Taratibu, ambaye alifundishwa na mama huyu huyu kwamba neno hilo ndani ya yadi lina maana moja tu, alielewa kwamba kuna basi linaingia langoni na yeye amelizibia njia. Akafanya alichofundishwa. Akarudi haraka.

Baadaye, siku moja tukiwa wawili, nilimuuliza kama hakutazama kioo cha ndani. Aliniambia, "Nilitazama, Fundi. Nilikutana na maandishi yako." Hakusema kwa hasira. Mimi ndiye niliyekwenda kujaribu. Nilipanda basi lile, nikakaa kiti cha dereva, nikatazama kioo cha ndani. Mnajua maandishi yakiwa dirishani, kwa ndani yanasomeka kinyume? Kioo kinayageuza tena yakawa sawa. Mahali alipopaswa kumwona mama mzima amepanua mikono, alisoma TUTAONANA MBELE, herufi nzuri, hazikukosewa hata nukta.

Tunaweza kuita hiyo ajali. Kilichofuata hatuwezi kukiita ajali.

Kwenye kikao cha asubuhi, Mama akiwa hospitali mguu umening'inizwa, Ndugu Meneja ulisimama ukatuambia kwamba uchunguzi umekamilika, na kwamba "mwelekezaji alitumia neno lisilo sahihi." Sikulaumu peke yako. Nilitazama nyuso zetu. Fundi wa kioo cha kabati alishusha pumzi. Mtunza stoo alishusha pumzi. Mimi nilishusha pumzi ndefu kuliko wote. Neno lilikuwa limetubebea mzigo wetu sote, na mwenye neno hakuwepo kujitetea. Kulikuwa na mtu aliyenyanyua mkono? Kulikuwa na aliyesema, "Meneja, basi lile halikuwa na vioo"? Tulirudi kazini, wengine wakipiga mluzi.

Kisha utani ukaanza. Abiria akisema, "Basi, nishushe hapa," kondakta anamjibu, "Basi gani?" Mtu akisema, "Basi, tuondoke," anaulizwa, "Basi gani?" Karakana nzima, kutwa, basi gani, basi gani. Tulikuwa tumemchukulia mama wa watu utani wake wa chai tukaugeuza kuwa hukumu yake. Kondakta wa lile basi la njia ya sokoni akanijia bandani anacheka mpaka anashika tumbo. "Fundi, yale maneno ya mbele yamechoka. Tuwekee mapya." Hakuhitaji kuniambia ni yapi. Nilifuta TUTAONANA MBELE nikaandika, chini ya macho yale yale, BASI GANI? Alama ya kuuliza niliipinda vizuri kama ndoana. Naona haya kuwaambia kwamba nilicheka peke yangu nilipokuwa naipinda.

Binti yake ndiye aliyenisimulia lililofuata, na sikuwa nimemwomba.

Walitoka hospitali kwa gari la kukodi, Mama kakaa kiti cha mbele na magongo yake mapajani. Kwenye foleni, mbele yao, likasimama basi lenye macho. Mama hakuwa na miwani. Akauliza, "Wameandika nini siku hizi pale?"

Binti akasoma kimoyomoyo. Akajibu, "Wameandika Safari Njema, Mama."

Mama akakunja uso, akatazama, akasema, "Herufi hazitoshi. Nisomee."

Dada, nakuona umeinamisha kichwa. Inua kichwa. Wa kuinamisha si wewe.

Siku ya pili Mama Rudi alikuja bandani kwangu kwa magongo. Nilimpa kigoda, akakikataa. Alitazama makopo ya rangi, akatazama brashi, kisha akanitazama mimi.

"Fundi, yale macho umeyachora vizuri."

"Asante, Mama."

"Yananitazama kila ninapopita. Ila siku ile yalikuwa yanatazama wapi?"

Nikatoa jibu lile linalotolewa na kila mtu asiye na jibu. Nikasema, "Ni utani tu, Mama."

"Utani ni wa watani. Mimi na wewe tulianza utani lini? Mara ya mwisho nakumbuka ulikuwa unaniamkia asubuhi na kuniita mama yako."

Akasema tena, na sasa sauti imeshuka: "Mimi sikuja kugombana. Nimekuja kuuliza nitarudi lini kazini. Meneja ananiambia nipumzike. Nipumzike nini? Kilichovunjika ni mguu, koo halijavunjika. Niwekeeni kiti pale pembeni ya lango ambapo wananiona, nitawarudisha nikiwa nimekaa. Au mnaona nikikaa hapo mtakumbuka?"

Mnaona alivyouliza? "Au mnaona nikikaa hapo mtakumbuka?" Mimi, mwenye maneno, niliyeitwa leo kwa sababu ya maneno, nilimwambia nitamfikishia Meneja. Sikufikisha. Na maandishi sikuyafuta. Abiria walikuwa wanayapenda, basi lilikuwa linapigwa picha, na kuyafuta mchana kweupe ni kukiri mbele ya watu kwamba hayakufaa. Yamezunguka mji mpaka jana. Leo asubuhi, wakati wenzangu mnafunga turubai, nilikuwa juu ya ngazi na wembe. Kope ndizo zilizokuwa ngumu kutoka. Basi lenyewe lile pale. Sasa ukisimama nyuma yake unaona mpaka kwenye usukani, na aliye kwenye usukani anakuona wewe. Halivutii hata kidogo.

Ndugu wageni waalikwa, pale mezani kuna zawadi imefungwa kwa karatasi ya maua. Mama, nisamehe kwa kukuharibia mshangao. Ni kioo. Kioo cha ukutani, kikubwa, chenye fremu. Kamati ilikaa, ikafikiri, ikakubaliana kwamba mama aliyevunjwa mguu na basi lisilo na vioo apewe kioo. Niseme kwa heshima kwamba ndicho kioo kipya cha kwanza karakana hii kununua tangu Bi Harusi. Nilipewa agizo nikiandike kwa rangi ya dhahabu, katikati, ASANTE KWA UTUMISHI WAKO. Ndugu Meneja, kitakapofunguliwa utaona hakina kitu. Usinitafute kunikumbusha. Sikusahau. Sitaandika tena juu ya kioo chochote, kiwe cha kutazamia au cha kutazamiwa.

Badala yake nimepaka rangi kiti. Kiko pale pembeni ya lango, cha njano, rangi imeshakauka, mtu akikaa haitamchafua. Hakina jina. Kila mtu hapa anajua ni cha nani.

Ninachoomba leo si kikubwa. Naomba lile lililosemwa kwenye kikao cha asubuhi lisemwe upya, hapa, hadharani, mbele ya mwenyewe: kwamba basi lilikuwa halioni, kwamba tulilipofua kwa mikono yetu, na kwamba Mama Rudi alisema neno ambalo mtu yeyote angelisema. Nimekwisha kulisema mimi, lakini mimi ni mchora maandishi tu, na yangu yamezoeleka kuwa mzaha. Alikuwepo mtu kwenye usukani. Taratibu. Ndiyo, wewe. Simama, ndugu yangu. Usitazame matenki, hayatakusaidia.

Wapeni nafasi walioko katikati wasikie... Punguzeni kelele jamani, hana sauti kubwa.

Kwa mliokaa mbele ambao hamkusikia, amesema hivi: "Mama hakukosea. Mimi sikumwona." Na ameongeza, "Nisamehe, Mama." Wacha alie. Mshereheshaji, hukutaka watu walie. Wacha alie, amelisubiri hilo tangu siku ile.

Ndugu Meneja ameniashiria kwamba jambo hilo litazungumzwa ofisini. Nashukuru. Lakini kuna jambo haliwezi kusubiri ofisi, na hapa nageukia kwako tena, Mheshimiwa. Gari lako limeingizwa kwa pua kule kati ya kuta mbili, chini ya kivuli, kwa nia njema. Dirisha lake la nyuma lina karatasi nyeusi tii. Nimejaribu kuchungulia nikaona uso wangu mwenyewe. Shughuli hii ikiisha, halina njia ya kutoka isipokuwa kinyumenyume, katikati ya watu wote hawa na watoto wa majirani. Dereva wako ameniuliza tangu saa ile, "Hapa nani anaelekeza?" Nikamjibu kwamba tunamuaga.

Sasa, Mheshimiwa, kanuni uliyotusomea inasema pawe na mwelekezaji, mahali ambapo dereva anamwona. Kiti kile kiko mahali ambapo dereva anamwona. Unatikisa kichwa. Hapa kwetu tumeumizwa na ishara zisizoeleweka, kwa hiyo naomba useme kwa mdomo.

Amesema, "Aje anitoe." Ndugu Meneja, umesikia? Mgeni Rasmi amesema aje amtoe. Na mabasi ya jioni nayo yatataka mtu wa kuyaingiza. Sisemi zaidi ya hapo, kwa sababu Mama ameshaomba magongo yake, na binti ameshasimama.

Mshereheshaji ananipungia mkono kwa nguvu. Ishara hiyo kwenye yadi yetu maana yake ni kata kulia, na kulia kuna spika. Siwezi kumfuata. Mimi leo namsikiliza mwelekezaji mmoja.

Mheshimiwa, Ndugu Meneja, Ndugu Mkaguzi, ndugu zangu wote, nawashukuru kwa masikio yenu. Kuanzia sasa naomba na macho. Mama Rudi, mwanao nimerudi kadiri nilivyoweza, kidogo kidogo, ulivyotufundisha. Nyuma sioni. Niendelee, au panatosha?

...

Amesema, "Basi, mwanangu."

Nimesikia, Mama. Na ninajua ni basi gani.